Vituo Vilivyotangulia Reli

Changamwe, Miritini, Mazeras, Mariakani, Maji ya Chumvi, Samburu, Taru, Mackinnon Road, Buchuma, Maungu, Ndara, Voi. Nilikuwa gadi wa treni za mizigo, na hata leo ukiniamsha usiku wa manane nitakutajia stesheni hizi kwa kwenda na kwa kurudi. Watu huamini kwamba waliozichagua ni Waingereza walipokuja na vyuma vyao mwaka 1896. Mimi nasema nyingi katika hizo zilichaguliwa na watu wa miguu, wenye mizigo kichwani, miaka mingi kabla ya Mzungu kupima ardhi. Mtu alilala Maji ya Chumvi kwa sababu palikuwa na maji, yawe mabaya namna gani. Alilala Taru kwa sababu mbele yake hapakuwa na mengine. Reli ilifuata nyayo, na penye nyayo nyingi ikajenga jukwaa na kutundika ubao.

Habari za watu hao nimezikuta nyumbani kabla sijazikuta vitabuni. Babu yake mama yangu, mtu wa Rabai, alibeba mizigo ya misafara katika miaka ya mwisho kabla ya reli. Bibi yangu, binti yake, alitusimulia kwamba baba yake hakuhesabu njia kwa maili. Aliihesabu kwa kulala. Voi ni kulala mara saba, ikiwa mvua imenyesha. Ikiwa haikunyesha ni kulala mara sita, kwa kuwa hakuna atakayethubutu kupumzika. Mzee huyo, bibi alisema, hata uzeeni akifika mji wa watu hakukaa kitako mpaka aulize kisima kiko wapi.

Vitabu vya shule vinasema misafara ilitoka Mombasa. Kisiwani ndiko yalikotoka mali, mikopo ya wafanyabiashara wa Kihindi na amri za maliwali. Miguu ilitoka bara. Bidhaa zilipakiwa mashuani, zikapandishwa mkono wa bahari hadi chini ya vilima vya Rabai, na hapo ndipo zilipotua kichwani. Wengine walivuka Makupa maji yakiwa yametoka, penye vijiboma vya zamani vilivyolinda kivuko, wakaupanda mlima wa Changamwe. Aliyevuka upande wa Likoni alishika njia ya Udigo hadi Gazi na Vanga, na huko walitoka viongozi wa njia waliokuwa hodari kuliko wote.

Mmoja wao ni Sadi bin Ahedi, mzaliwa wa sehemu za karibu na Gazi. Katika miaka ya 1860 kulikuwa na mmishonari wa Kimethodisti kule Ribe, Thomas Wakefield. Mwaka 1870 chama cha wanajiografia cha London kilichapisha maelezo yake ya njia za misafara kutoka pwani kwenda ndani. Nyingi katika njia hizo Wakefield hakuzikanyaga kwa mguu wake. Alikaa na Sadi, na Sadi akamtajia kambi baada ya kambi, siku baada ya siku: hapa kuna mto, hapa kuna shimo la maji, hapa hakuna kitu, watu wa hapa wanauza chakula, wa pale wanataka hongo. Nimeyasoma maelezo hayo kwa utaratibu, kidole kikiwa juu ya karatasi, na nakwambia ni ratiba. Ni kitabu cha kazi cha mtu aliyejua kila kituo, sawasawa na kile nilichokuwa natembea nacho mfukoni. Tofauti ni kwamba changu kilipigwa chapa na serikali na chake kilikuwa kichwani mwake.

Kadhalika Rebmann. Tunafundishwa kwamba tarehe 11 Mei 1848 mmishonari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro, wa kwanza miongoni mwa Wazungu kuandika habari zake. Alikuwa ameondoka Rabai tarehe 27 Aprili. Siku kumi na nne, basi, na wapagazi wachache, na mbele yao Bwana Kheri, kiongozi wa misafara wa Kiswahili ambaye njia ile aliijua. London walibishana miaka mingi kama theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Hakuna aliyefikiri kumwuliza Bwana Kheri.

Sasa tuutazame mzigo. Uzito wa kawaida ulikuwa ratili 60 hadi 70, yaani karibu frasila mbili, au kilo 30 kwa hesabu ya leo. Juu yake mpagazi aliongeza vyake mwenyewe: mkeka, kibuyu, posho ya siku kadhaa, na katika misafara mingine bunduki ya kupakia mdomoni. Mtu wa pwani alibeba kichwani, juu ya ngata. Mnyamwezi alibeba begani, na bega lake lilifanya sugu. Kwenda, mizigo ilikuwa majora ya merikani na kaniki, mifuko ya shanga, na mizinga ya waya wa chuma, shaba na madini mengine, ambayo iliumiza kuliko yote kwa sababu haina mahali laini. Kurudi, ilikuwa pembe za ndovu. Pembe kubwa haipendi kichwa wala bega. Huteleza, huvuta upande, na mbebaji hutembea shingo imekwenda kando mwezi mzima.

Kila mzigo ulikuwa na mtu wake. Siku ya kwanza pale Rabai kulikuwa na vurugu tupu: watu wanagombea mizigo mifupi, wanaipima kwa kuinua, wanarudisha, wanatukanana. Wanyapara ndio walioamua. Ukishagawiwa ulikuwa wako mpaka mwisho wa safari, na mpagazi aliujua mzigo wake usiku bila taa. Aliufunga upya kila jioni kamba zikilegea, akaulalia kichwa.

Waliobeba walikuwa nani? Mchanganyiko wa watu wote wa upande huu. Waswahili wa Mvita na Jomvu, Warabai, Waduruma na Wadigo, Wanyamwezi waliotelemka pwani, watoro waliokimbia mashamba wakajificha katika misheni, na watumwa waliotumwa na mabwana zao. Hili la mwisho halisemwi vya kutosha. Bwana aliandikisha mtumwa wake kwa msafara, na mshahara ukirudi nusu yake ilikuwa ya bwana. Katika miaka ya 1880 mshahara wenyewe ulikuwa kiasi cha riale tano kwa mwezi, na desturi ilikuwa kutoa arubuni ya miezi mitatu kabla ya kuondoka. Wageni waliandika kwa hasira kwamba wapagazi waliila arubuni kwa siku chache, kwa karamu, ngoma na nguo mpya. Mimi sioni ajabu. Mtu anayeondoka asijue kama atarudi huwalipa anaodaiwa, huiachia nyumba yake chakula, na hucheza usiku wa mwisho. Mzee wetu, bibi alisema, arubuni yake ya kwanza ilimnunulia mama yake mbuzi.

Walioondoka bila kurudi walikuwa wengi hata vitabu havikuwahesabu vizuri. Waliotoroka, hao walihesabiwa sana. Kutoroka kulitokea kambi za mwanzo, kabla ya Taru, kwa sababu huko nyumbani kulikuwa bado karibu. Ndiyo maana wenye misafara waliweka walinzi usiku, na aliyekamatwa alipigwa viboko mbele ya wenzake. Mskoti Joseph Thomson, aliyeondoka Rabai tarehe 15 Machi 1883 na watu zaidi ya mia moja, aliwaogopa watoro kuliko simba. Nimekisoma kitabu chake mara nyingi. Ni mwandishi mchangamfu na jasiri, lakini katika kurasa za mwanzo anawaita watu wake taka za Unguja, na katika kurasa za mwisho anawasifu kwa kumrudisha salama. Ni watu walewale.

Siku ya msafara ilianza saa kumi na moja alfajiri. Ngoma au pembe ililia, kiongozi akapaza sauti, na kambi ikaamka kwa kikohozi. Hakuna aliyekula asubuhi, au alikula kiporo cha jana kilichoganda sufuriani. Kiongozi alitangulia na bendera, mara nyingi amevaa kitu chekundu, na kanuni ilikuwa kwamba hakuna mpagazi wa kumpita. Nyuma yake mstari mmoja, mtu nyuma ya mtu, kwa kuwa njia yenyewe ilikuwa na upana wa unyayo. Nyuma kabisa alikwenda mnyapara mwenye fimbo, akiwasukuma wagonjwa na wavivu, na kwake wote wawili walikuwa kitu kimoja. Kazi yangu nami ilikuwa behewa la mwisho, kutazama yaliyoanguka na yaliyobaki nyuma, kwa hiyo katika watu wote wa msafara huyo wa mwisho ndiye ninayemwaza zaidi. Aliona mengi.

Walitembea hadi saa nne au saa tano, jua likawa halivumiliki, wakatua. Mwendo wa kilomita 15 hadi 20 ulikuwa siku nzuri. Kisha kazi ya pili ikaanza: mmoja kutafuta maji, mmoja kuni, mmoja kukata miiba ya boma. Watu walijigawa makundi madogo ya sufuria moja, watano au sita, na kundi hilo lilikuwa ukoo wako wa njiani. Posho ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, chini kidogo ya robo tatu ya kilo, mahindi, mtama au mchele kwa bahati. Aliyeila yote kwa pupa siku tatu za kwanza alilala njaa siku zilizobaki, au akakopa kwa mwenzake kwa riba. Miguuni walivaa ndara za ngozi mbichi walizojikatia wenyewe, maana nyika ya Waduruma ina miiba inayopenya kila kitu. Wanawake walikuwamo pia, wake za wapagazi na wengine waliojiendea, na chungu kichwani na mtoto mgongoni. Hawakulipwa posho, na pasipo wao pangekuwa na watu wengi wasiokula.

Hayo yote yalikuwa maandalizi ya Taru.

Nimeipita Taru usiku na mchana, masika na kiangazi, na sikuipenda hata mara moja. Kiangazi kikikaza, vichaka vyote huwa rangi ya mfupa, havina jani, na vimeshikana hata mtu akipotea hatua kumi pembeni haonekani. Ardhi ni nyekundu na vumbi lake huingia hadi ndani ya saa ya mkononi. Hakuna mto. Kuna ngurunga, mashimo katika mwamba yanayojaa maji ya mvua, mengine marefu kama kimo cha mtu. Mvua ikiwa nzuri msafara ulikuta maji ya kunywa na kuoga. Mvua ikikosa, ulikuta tope na nyayo za wanyama waliotangulia. Na kutoka hapo hadi maji mengine, juu ya mlima wa Maungu, ni karibu kilomita 50 kavu.

Njia hiyo haikutembewa kwa mwendo wa kawaida, ilikuwa ya telekeza, mwendo wa alasiri na usiku. Watu walipika na kula mchana pale Taru, wakajaza kila kibuyu, wakaondoka alasiri jua likipungua nguvu. Walitembea mpaka giza likawazuia, wakajitupa chini palepale pakavu, hakuna kupika wala kuwasha moto ila wa kufukuza simba. Saa nane au saa tisa za usiku walinyanyuka tena, wakatembea alfajiri yote, asubuhi yote. Atakayefika Maungu bado ana kazi: maji hayako chini, yako juu mlimani, katika matumbo ya mawe, na lazima ayapandie na kibuyu baada ya kuutua mzigo. Bibi alisema wenye nguvu waliotangulia kuyafikia walijaza vibuyu wakarudi njiani kuwatafuta wenzao wa sufuria moja. Baba yake aliwahi kurudiwa hivyo na mtu wa Jomvu, na mpaka kufa kwake familia yetu na ya mtu huyo zilihesabiana ndugu. Harusi za kwao tunakwenda, na mazishi yetu wanakuja, na vijana hawajui hata sababu.

Miaka michache baadaye wahandisi wa reli walifika Taru na vibarua maelfu kutoka Bara Hindi, na wao pia wakashindwa na maji. Ilibidi yaletwe kwa treni kutoka nyuma. Huo ndio ushahidi mkubwa nilionao kuhusu wapagazi. Injini ilihitaji kubebewa maji mahali ambapo mtu wa Rabai alipita na kibuyu kimoja na kilo 30 kichwani.

Baada ya Maungu watu walipumua. Wataita walitelemka vilimani na mahindi, kunde, viazi na miwa, na soko likafanyika palepale kambini, kwa shanga na vipande vya nguo. Hapo pia njia iligawanyika. Moja ilikwenda kaskazini-magharibi, Ndi, Tsavo, Kibwezi, hadi Machakos na mbali zaidi. Nyingine ilikwenda magharibi hadi Taveta, na Taveta ndiyo iliyokuwa peponi pa mpagazi.

Mji wenyewe ulikuwa ndani ya msitu mnene kando ya mto Lumi, na uliingiwa kwa vichochoro vyenye milango ya magogo. Msafara haukuingia hivihivi. Ulitua nje, watu wakaoga, wakatoa kanzu na vilemba vilivyofichwa ndani ya mizigo tangu pwani, wakapanga mstari, na bunduki zikalia ili wenyeji na watu wa pwani waliokuwa wakikaa humo wajue. Kisha ndani: kivuli, ndizi, viazi vitamu, samaki wa mtoni, maji yanayotiririka. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na vibanda vyao vya kudumu, na mpagazi aliweza kukuta humo mtu wa mtaa wake mwenyewe. Misafara ilikaa wiki na zaidi. Sababu haikuwa kupumzika tu. Mbele ilikuwa nchi ya Wamaasai, na Wamaasai hawakukubali shanga ovyo. Zilitakiwa zitungwe katika nyuzi za urefu maalumu, na nguo zishonwe kwa mtindo wa mashujaa wao. Thomson aligundua hapo kwamba anahitaji nyuzi 60,000. Nawaona watu wale, vidole vimekakamaa kwa kamba za mizigo, wamekaa chini ya migomba wakitunga ushanga mmojammoja kuanzia asubuhi hadi jioni, wakiimba. Wasafiri wote wanakubaliana juu ya jambo hili, kwamba usiku wa Taveta ngoma haikulala.

Miji mingine ya kulala haikufikia hapo. Machakos ilikuwa ngome ya kampuni ya Kiingereza ya IBEA tangu 1889, yenye chakula cha kununua na askari wa kukagua watu. Mwisho wa njia ndefu, kabla ya Busoga, ulikuwa mji ambao watu wa pwani waliuita Kwa Sundu, ndio Mumias ya leo, ambako mtawala Mumia aliwapokea wageni wa misafara na biashara ya pembe ilikuwa imekwisha kuzoeleka. Kutoka pwani hadi Uganda ilikuwa kiasi cha miezi mitatu. Watu waliugua homa, ndui, na kuhara damu. Katika miaka ya 1890 akaongezeka funza, aliyesafiri bara zima toka magharibi ndani ya vidole vya wasafiri wenyewe. Mgonjwa asiyeweza kubeba aliachwa kijijini na kipande cha nguo cha kununulia chakula, ikiwa mkuu wa msafara ni mwema. Si wote walikuwa wema.

Sasa nivuke kwenda kwetu Kisauni, maana bila Kisauni habari hii ina pengo. Pale Kengeleni, watu wanaposhukia matatu za Bamburi na Mtwapa, ipo kengele ya Freretown. Mji huo ulianzishwa na wamishonari wa CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa, ukapewa jina la Bartle Frere, yule aliyetumwa Unguja kujadili mkataba uliofunga soko la watumwa mwaka 1873. Wapita njia huijua kengele kama alama ya kushukia. Wachache wanajua kwamba Freretown na Rabai zilijaa watu waliokuwa wametembea Afrika kuliko mpelelezi yeyote.

Miongoni mwao walikuwa wale walioitwa Waafrika wa Bombay, vijana waliookolewa baharini, wakapelekwa India, wakasomeshwa karibu na mji wa Nasik, kisha wakarudishwa. Matthew Wellington alikuwa mmoja, Myao aliyekamatwa utotoni. Mwaka 1872 alikuwa katika kundi lililotumwa kumfuata David Livingstone. Livingstone alipokufa kijijini kwa Chitambo tarehe 1 Mei 1873, watumishi wake Susi na Chuma, pamoja na Jacob Wainwright, Wellington na wenzao, walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga mfano wa mzigo wa nguo ili vijiji visishtuke, wakaubeba hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874. Halima, mpishi, alikuwa pamoja nao. Hakuna Mzungu aliyewaongoza. Kila kitu kilichohitajika, kuanzia kufunga mzigo, kupanga zamu na kusoma njia hadi kujua mahali pa kulala na pa kupita usiku, kilikuwa ujuzi wa wapagazi, na ulimwengu ukaushangaa kama muujiza wa uaminifu. Uaminifu ulikuwepo. Lakini tuuite pia kwa jina la kazi, kwa sababu walikuwa mafundi.

William Jones naye alitoka Nasik, akawa shemasi. Julai 1885 aliondoka Rabai na Askofu James Hannington na watu zaidi ya 200, njia ya Umaasai. Kwa Sundu askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akatangulia na watu 50 kuelekea Buganda. Tarehe 29 Oktoba aliuawa Busoga, pamoja na wengi wa wale aliokuwa nao. Jones alingoja, akapata habari kutoka kwa wachache walioponyoka, kisha akawaongoza waliobaki kurudi pwani, mwendo wote ule, bila askofu na bila hakika ya kuaminiwa. Waliingia Rabai Februari 1886 nyuma ya bendera ya buluu yenye neno moja la Biblia, Ikabodi, utukufu umeondoka. Hannington ana makanisa na shule duniani. Waliokufa naye hawana hata orodha ya majina ukutani.

Baadaye mambo yalikwenda mbio. Tarehe 1 Januari 1889 watumwa watoro zaidi ya elfu moja waligawiwa hati za uhuru pale Rabai, baada ya kampuni ya IBEA kuwalipa fidia waliojiita mabwana zao. Wengi katika hao walikuwa na shingo zilizozoea mzigo na hawakukosa wa kuwaajiri. Kampuni ikafungua barabara ya magari ya ng'ombe kuelekea Kibwezi. Mwaka 1896 reli ikavuka Makupa kwa daraja la mbao, ikapanda Changamwe, na kila stesheni iliyofunguliwa ilifuta sehemu ya kazi ya mpagazi. Desemba 1901 ilipofika ziwani, njia ya miguu ilikuwa imekwisha. Babu yake mama yangu aliingia bandarini kuwa hamali. Wenzake wengine waliajiriwa na reli yenyewe, kufyeka majani kando ya njia waliyoipita kwa miguu.

Vita ya 1914 iliwarudisha kwa nguvu. Njia ya kusini kutoka Likoni kwenda Gazi na Jasini ikawa njia ya jeshi, na serikali ikakusanya wabebaji kutoka kila wilaya. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa njaa na kuhara. Hao walau wana kumbukumbu. Nairobi ipo sanamu ya mwaka 1928 ya watu watatu, na mmoja wao ni mbeba mzigo. Wa misafara hawana.

Tangu mwaka 2017 treni ya abiria inaanzia Miritini, na kituo chake cha kwanza ni Mariakani, kisha Miasenyi, kisha Voi. Haisimami Maji ya Chumvi, wala Taru, wala Maungu. Sina ugomvi nayo. Ni safi na inafika kwa wakati. Ninachotaka ni kwamba katika stesheni zile za zamani, kabla kuta hazijaanguka, uandikwe ubao chini ya ubao: hapa palilala misafara, maji yalikuwa upande ule. Na Kengeleni, kando ya kengele, liandikwe jina la Matthew Wellington. Alikaa nasi tangu ujana wake, akaajiriwa na idara ya ujenzi ya serikali mjini Mombasa, akaiona reli ikifika Kampala mwaka 1931, akafa mwaka 1935. Livingstone aliyembeba ana jiwe lake katika kanisa la Westminster, London, na juu ya jiwe hilo imeandikwa kwamba aliletwa na mikono aminifu kupita nchi kavu na bahari. Mikono hiyo haikutajwa majina. Sisi wa Kisauni tunao uwezo wa kuyataja.